Kiangazi na Vilima vya Nchi
(Mazungumzo mbele ya jumuiya ya Waislamu wa Gitega)



Mwezi wa Juni unapoingia, mvua hukatika katika vilima vya Burundi. Majani hugeuka manjano, vumbi jekundu hupanda barabarani, usiku huwa na baridi kali, na baada ya muda kidogo shule hufungwa. Hali hiyo hudumu mpaka Septemba. Katika mitaa ya Waislamu, aghalabu kiangazi huwa ni majira ya harusi, ya biashara, na ya kwenda kuwatazama jamaa Bujumbura, Rumonge, Nyanza-Lac, au hata ng'ambo ya mpaka Kigoma na Ujiji. Hayo yote ni mema, kwani kuunga udugu ni jambo lililoamrishwa. Walakini yumo kijana wa Gitega ajuaye bei ya kitenge sokoni Kigoma, naye hajapata kufika Gishora, ambako ni mwendo wa kilomita kama saba tu kutoka mjini kwake. Na yumo kijana wa Muyinga aliyevuka mto Ruvubu mara nyingi juu ya lori, wala hajui maji yale yatoka wapi na yaenda wapi.

Jambo hili laonekana dogo, lakini si dogo. Katika nchi hii mtu akiulizwa kwao, hujibu kwa kutaja kilima. Mwenye kilima ana mizizi. Asiye na kilima huhesabiwa kuwa mpitaji. Kwa miaka mingi neno Mswahili lilitumika vilimani kwa maana ya mtu wa mjini, mfanyabiashara, mgeni aliyekuja na mzigo wake na ambaye siku moja ataondoka nao. Mjukuu wa mtu huyo amezaliwa hapa, amezikiwa babu yake hapa, na hata hivyo huenda akatajiwa ugeni. Ugeni huo hauondolewi kwa maneno makali. Unaondolewa kwa kuijua nchi, kwani mwenye nyumba hutambulikana kwa kujua vyumba vyake.

Yafaa kwanza ikumbukwe ni kwa sababu gani Waislamu walikaa mbali na vilima. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika Ujiji, na kutoka huko wafanyabiashara wa Kiarabu, Waswahili na Wamanyema walienea kandokando ya Ziwa Tanganyika. Nchi ya ndani haikufunguka kwao. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ile mpaka alipofariki mwaka 1908, aliwazuia; na majeshi ya Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, hayakuweza kuishika milima yake. Mwaka 1903, pale Kiganda, Mwezi alilazimika kukubali mapatano na Wajerumani. Mwaka 1912 Wajerumani wakahamisha makao yao ya utawala kutoka Usumbura na kuyaleta Kitega, kama jina lilivyoandikwa siku zile. Nyuma ya askari wakaja wachuuzi, mafundi na walimu wa chuoni, na Kiswahili kikapata makazi katikati ya vilima. Wabelgiji waliofika mwaka 1916 wakaendelea kuiweka mitaa ya Waswahili mbali na vilima vya machifu. Basi mipaka ya zamani ilichorwa na watawala. Lakini imebaki katika miguu ya watu hata baada ya watawala wale kuondoka.

Sasa Gitega imepewa heshima mpya. Tangu mwaka 2019 ndiyo mji mkuu wa siasa wa nchi, na Bujumbura umebaki kuwa mji wa biashara. Wageni wa nje watakuja, nao watauliza njia ya kwenda mahali pa kale. Itakuwa ni aibu iwapo mwenyeji atamwelekeza mgeni mahali ambapo yeye mwenyewe hajapaona.

Na ianzwe safari kwa mahali palipo karibu, yaani Makumbusho ya Taifa yaliyomo mjini Gitega. Yalianzishwa mwaka 1955, wakati nchi ingali chini ya Ubelgiji. Si jumba kubwa. Mtu aweza kulimaliza kabla ya adhuhuri. Lakini ndani yake vimo vikapu vya kusukwa, vyungu, mikuki, ngoma, vitu vya nyumba ya mwami na picha za zamani. Kijana atakayetazama kwa makini ataona kwamba kazi ya mkono wa Mrundi ni ya ustadi mwingi: kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kilichosukwa kwa nyuzi nyembamba, hakina tofauti ya heshima na mkeka wa ukindu wa pwani. Mama wa Kiislamu ajuaye kushona kofia ya vitobo ataufahamu mkono uliosuka kikapu kile, kwani subira yao ni moja.

Kutoka mjini, njia ya kaskazini yafika Gishora. Hapo pana nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi na kuzungushiwa uzio, kwa mfano wa makao ya mwami, na hapo ndipo patakatifu pa ngoma za kifalme. Masimulizi ya wazee wa pale yasema kwamba Mwezi Gisabo alipaanzisha baada ya kumshinda mtu aliyemwasi, jina lake Ntibirangwa. Ngoma mbili za pale zina majina: Ruciteme, yaani ile ambayo kwa ajili yake msitu hufyekwa, na Murimirwa, yaani ile ambayo kwa ajili yake shamba hulimwa. Majina hayo peke yake yatosha kuwa somo. Yaonyesha kwamba ngoma ilifungamana na jembe, na kwamba utawala ulihesabiwa kuwa mwema pale ambapo watu walipata kulima na kula. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na ufalme, wala mtu hawezi kuzitenga.

Ngoma hizi huchongwa kutoka katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, maana yake mti unaoisemesha ngoma, na juu yake huwambwa ngozi ya ng'ombe. Waliozichonga na kuzipiga walikuwa watu wa koo maalum, mwana akirithi kazi kwa baba. Juu ya zote ilikuwako Karyenda, ngoma iliyokuwa alama ya ufalme wenyewe, iliyotolewa hadharani katika sikukuu ya Umuganuro, yaani sikukuu ya kuanza kupanda mtama. Ufalme uliondolewa mwezi wa Novemba mwaka 1966, lakini ngoma hazikunyamaza. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandika mchezo wa ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Hapo huulizwa swali, na ni haki liulizwe: je, yamfaa Mwislamu kwenda kutazama mambo yaliyokuwa na ibada za kale? Jibu ni kwamba kutazama si kuabudu. Mtu asafiriye Misri huyaona makaburi ya Mafirauni, naye harudi akiwa mtu wa Firauni; hurudi akiwa amejua kwamba falme hupita na kwamba mkubwa ni Mmoja. Kitabu kitukufu chenyewe chawahimiza watu watembee katika ardhi wakatazame mwisho wa waliotangulia. Basi na aende, atazame, aulize, ajifunze, na itikadi yake aiweke mahali pake. Nao wapigao dufu katika maulidi wanajua vema kwamba ngozi iliyowambwa ni chombo tu. Kinachoitukuza au kuidhalilisha ni nia ya mwenye kuipiga.

Liko pia jambo la sheria ya nchi. Amri ya Rais ya mwezi wa Oktoba mwaka 2017 iliweka kwamba ngoma hizi zisipigwe katika sherehe zisizo za serikali pasipo ruhusa, na kwamba wanawake wasizipige. Jumuiya ikitaka kuziita kwa furaha yake, na iulize kwanza kwa wakubwa wanaohusika, wala isije ikawatia wapigaji matatani.

Baada ya Gishora, safari ya pili iwe ya kwenda Rutovu, upande wa kusini. Kilimani huko iko chemchemi iitwayo Kasumo. Maji yake ni machache kiasi kwamba mtoto aweza kuyaruka. Mjerumani mmoja, Burkhart Waldecker, aliifuata mito mpaka kufika hapo katika miaka ya 1930, na mwaka 1938 piramidi ndogo ya mawe ikajengwa juu ya kilima, iwe ishara kwamba maji haya na piramidi za Misri ni jamaa wa mbali. Kwani chemchemi hii huhesabiwa kuwa ya kusini kabisa katika chemchemi zote za mto Nili. Wanyarwanda nao wanayo yao katika msitu wa Nyungwe, na wataalamu hubishana ipi iliyo ya mbali zaidi. Ubishi huo waachiwe wenyewe. La kushikwa ni hili: maji ya Kasumo huingia mto Ruvyironza, Ruvyironza hupita karibu na Gitega na kujitia katika Ruvubu, Ruvubu hugeuka kaskazini mashariki, ikapita nchi ya Muyinga, ikagusa Tanzania na kuingia Kagera, Kagera huingia Ziwa Viktoria, na kutoka huko Nili hushuka mpaka Khartoum, mpaka Kairo, mpaka bahari. Urefu wote ni zaidi ya kilomita 6,600.

Kwa Waislamu mahali hapa pana utamu wa namna yake. Karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika hapa, wanazuoni wa Kiislamu waliuliza swali hili hili la asili ya Nili. Sharifu al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake na ramani yake huko Sisilia mwaka 1154, aliichora Nili ikitoka katika Milima ya Mwezi kusini mwa Afrika, ikipita katika maziwa kabla ya kushuka Misri. Hakuyaona kwa macho. Alikusanya habari za wasafiri na vitabu vya Wayunani. Kijana wa Gitega aliyesoma chuoni majina ya miji ya Misri, akisimama penye chemchemi hii, ataona kwamba yeye yuko kichwani pa mto ambao watu wa elimu waliutafuta kwa miaka mingi. Hana haja ya kutafuta utukufu mbali. Unapita chini ya daraja la kwao.

Safari ya tatu ni ndefu kidogo, ya kwenda upande wa Rutana, kuona maporomoko ya Karera. Maji hushuka katika ngazi tatu na kugawanyika katika matawi kadhaa; poromoko kubwa hukaribia mita 80. Mahali hapo pamehifadhiwa tangu mwaka 1980, eneo la hekta 142 zenye miti ya mtoni, mahali pa kivuli na ubaridi hata katika Agosti. Katika nchi hiyo hiyo liko genge la Nyakazu, ambalo wenyeji huliita ufa wa Wajerumani: mwamba umepasuka, kingo zimesimama wima, na mtu akisimama juu huona tambarare ya Kumoso ikienda mpaka upande wa Tanzania. Tangu mwaka 2007 serikali imeweka mahali hapo pawili katika orodha ya pale inapopendekeza UNESCO ipatie heshima ya dunia. Gishora na chemchemi ya Nili ziliingizwa pia katika orodha hiyo.

Ndugu wa Muyinga wao hawana haja ya kwenda mbali, kwani mlango wa porini uko kwao. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980, ina eneo la kilomita za mraba kama 508 na hufuata mto huo katika nchi za Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi. Ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote za nchi. Wamo nyati, viboko, mamba, nyani, swala wa aina kadhaa, na ndege wa aina zaidi ya 400. Simba hawamo tena. Waliondoka na watu wa zamani. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwapunguza wanyama sana, kwani penye bunduki nyingi na njaa nyingi mnyama hana mtetezi. Yafaa ikumbukwe pia kwamba hifadhi ilipofanywa, watu waliokuwa wakikaa mle walihamishwa. Basi mtalii aingiaye mle kwa furaha na ajue kwamba pori lile lina gharama iliyolipwa na watu maskini, na kwa sababu hiyo kulichafua ni dhuluma ya mara mbili.

Na upande wa Kirundo, si mbali na Muyinga, liko ziwa Rwihinda, liitwalo ziwa la ndege. Huko huonekana korongo mwenye taji kichwani, ambaye Warundi humwita umusambi. Ni ndege wa heshima kwao. Kwa bahati mbaya watu humtega na kumuuza akiwa hai, naye anapungua. Mwislamu asimnunue, hata akiletewa mlangoni kwa bei rahisi.

Yapo maneno ya watu wanaokataa safari kama hizi. Wa kwanza husema hakuna fedha. Ni kweli kwamba petroli imekuwa adimu na gari ni ghali. Lakini Makumbusho na Gishora havihitaji safari ya siku mbili, na watu kumi na wanane katika basi dogo hugawana nauli isiyomwumiza mtu. Wa pili husema ni mambo ya wazungu, wenye nafasi ya kupoteza wakati. Ajabu! Wazee walitembea kwa miguu kutoka Ujiji mpaka Tabora, wakajua kila kisima na kila kivuko, na hakuna aliyesema wanapoteza wakati. Wa tatu husema wanawake na wasichana hawapasi kutoka. Lakini mama ndiye mwalimu wa kwanza. Akiwa hajui nchi, atamfundisha mtoto nchi gani? Na waende pamoja na jamaa zao, kwa stara na mpango mwema, na hakuna lawama.

Sasa machache juu ya adabu ya safari. Kiongozi mmoja achaguliwe, naye atiiwe. Orodha ya watoto iandikwe asubuhi na isomwe tena kabla ya kurudi. Mikeka na vyombo vya udhu vichukuliwe, na mahali pa kusali pakaguliwe mapema, pasiwe katika shamba la mtu pasipo idhini. Chakula kitoke nyumbani, mandazi, chapati, maharage na ndagala, ili pasiwepo shaka ya uhalali na ili fedha ya safari isiliwe njiani. Karera asiruhusiwe mtoto kuukaribia ukingo, kwani jiwe lenye utelezi halijui mtoto wa tajiri wala wa maskini. Ruvubu moto usiwashwe porini: katika Agosti majani ni makavu kama karatasi, na jiko lililoachwa na makaa huweza kuunguza kilima kizima. Mifuko ya plastiki irudi nyumbani na wenyewe. Wenyeji wa kilima wasalimiwe kwa Kirundi chao, na kama wana ndizi au maembe ya kuuza, wanunuliwe. Salamu moja njema hufungua mlango ambao miaka mingi ya ujirani wa mbali haikuufungua.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Watoto wakizoea kuuliza habari za Mwezi Gisabo na za ngoma, siku moja watauliza: na habari za babu zao je? Nani aliyekuja Kitega wa kwanza, alitoka wapi, aliuza nini, alimsomesha nani Kurani, aliozwa binti wa kilima gani? Majibu ya maswali hayo yamo vifuani mwa wazee na wazazi wa kike waliobaki, na katika barua na makaratasi ya zamani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, yanayoliwa na mchwa masandukuni. Hizo nazo ni kumbukumbu za Burundi, sawasawa na kikapu na mkuki. Zikipotea, hakuna mgeni atakayekuja kuzitafuta. Kwa hiyo katika kila kiangazi, siku moja ya safari na itolewe kwa kukaa na mzee mmoja, vijana wakiandika maneno yake pamoja na mwaka na mahali. Daftari hizo zikusanywe na jumuiya, na nakala yake ihifadhiwe mahali pakavu.

Mtu mwenye kujua kilima cha jirani na kuhifadhi habari za nyumba yake hawezi kuitwa mpitaji. Mvua zitarudi Septemba, barabara zitakuwa tope, na shule zitafunguliwa. Kabla ya hapo zipo Jumamosi na Jumapili kama kumi na mbili. Zitumike.